Gurudumu Linalozungushwa na Moshi

Ojulong alikuwa nahodha wa mashua ya chama cha ushirika pale Majanji, kando ya ziwa. Siku zote alibeba pamba, samaki na abiria. Lakini mwaka ule wa 1962 mvua ilikataa kukoma, na ziwa likapanda hadi milangoni mwa watu. Dada yake Asio aliishi na watoto wake kwenye kisiwa kidogo. Asubuhi moja habari zikaja kwamba maji yameingia ndani ya nyumba yao.

Ojulong aliwasha injini ya dizeli akaondoka mbio. Hakufika mbali. Sami, wale wadudu wadogo wa ziwani, waliinuka majini kwa mamilioni, wakafunika jua. Ojulong alitazama juu, kinywa wazi. Mashua ilipita katikati yao, na punde injini ikatoa moshi mweusi na kuishiwa nguvu. Alirudi Majanji akijikokota.

Alipofika gatini, Ojulong alifungua kichujio cha hewa. Kilikuwa kimezibwa na sami.

"Natupa hii kitu," alimwambia mkewe, Akullo. "Injini ivute hewa vizuri."

"Ngoja kwanza, ndugu yangu," alisema Oboth. Huyu alikuwa fundi wa mitambo kutoka Tororo, amekuja kununua samaki, na maneno yake yalikuwa mengi kuliko samaki aliopata.

"Fundi, dada yangu nakufa maji. Nangoja nini?"

"Ukitupa hiyo utakwama katikati ya ziwa, halafu mtakufa wote. Njoo uone."

Injini ilipopoa, Oboth alifungua bomba la hewa. Ndani mlikuwa na gurudumu dogo lenye mapanga membamba. Alilisukuma kwa kidole, nalo likazunguka kimya kimya.

"Hii naitwa taabo. Moshi ukitoka, nazungusha gurudumu lingine huko nyuma. Hilo limeungwa na hili, na hili nasukuma hewa ndani. Kwa dakika moja nazunguka mara elfu nyingi."

Ojulong alishikwa na butwaa. Miaka yote aliona moshi ni uchafu wa kutupwa, kumbe ndio ulioipa injini pumzi.

"Sasa fikiri mchanga au mdudu akigonga hapa kwa mbio hizo," Oboth alisema. "Kichujio ndio mlinzi."

Walikiosha kwa mafuta ya taa, wakakikausha, wakakipaka oili kidogo. Akullo alileta kitambaa safi.

"Na ukifika usizime ghafla," Oboth aliongeza. "Iache ingurume pole pole dakika chache. Gurudumu likiwa na moto bado nataka oili."

Kule kisiwani Ojulong aliwakuta Asio na watoto juu ya meza, akawapakia mashuani. Walipokuwa wakirudi, sami waliinuka tena na moshi ukawa mweusi. Mkono ulimwasha kuongeza mafuta. Badala yake alipunguza mwendo, akangoja, kisha akazima. Mashua ikayumba mawimbini.

"Kaka, unazima hapa?" Asio aliuliza, akiwakumbatia watoto.

"Imekabwa na wadudu. Tukiilazimisha, itakufa."

Alisafisha kichujio kwa mafuta ya taa, akakikung'uta mpaka kikakauka, akakirudisha. Injini ilinguruma na moshi ukawa mwepesi.

Walipofika Majanji, Asio aliteremka akapiga magoti kwenye udongo mkavu. Akullo alimwita Ojulong ashuke naye. Hakushuka. Alikaa kando ya injini iliyonguruma pole pole, akaisubiri ipoe, machozi yakimtiririka.