Shati Kwenye Bomba la Moshi

Shemeji yangu Masatu alipokuwa anahamia Makoko na dada yangu Marcelina, aliniachia kazi moja huku Bukima: niilaze injini yake ya kusagia, siku wakirudi waikute nzima. Mimi ndiye fundi wake. Mdomo wangu mnaujua. Hata msibani naombwaga nikae mbali na wafiwa.

Ilikuwa Jumamosi ya jua, wao wanafunga mizigo. Nikaiwasha kidogo ipate moto, nikaizima, nikamwaga oili chafu kabla haijapoa, nikaweka mpya. Tangi nikalijaza dizeli mpaka shingoni, maana tangi tupu linatoa jasho ndani, na jasho ni kutu. Nikafungua nozeli inayopulizia dizeli ndani, nikamimina oili kidogo kwenye silinda, nikazungusha gurudumu kwa mkono mpaka pistoni ikalainika. Nozeli nikaitia kwenye kopo, nikaenda nayo kwangu, mwizi asipate cha kuwasha.

Likabaki bomba la moshi. Lazima lizibwe, unyevu usiingie. Nikavuta shati la Masatu kwenye kamba ya nguo.

"Kaka, hilo bado analivaaga," Marcelina akasema.

"Atavaa la mjini."

Nikalilowesha oili, nikalisokomeza lote, na mikono yake miwili. Halafu nikainamia bomba, nikasema kwa sauti ya padri makaburini: "Lala, Masatu. Usipumue mpaka nikwambie."

Masatu alicheka mpaka akakaa chini. Marcelina hakucheka.

Kila mwezi nilikuwa naenda kuzungusha gurudumu, pistoni isigande. Mwezi wa tatu, asubuhi moja nakunywa uji, simu ikaita.

"Kaka." Marcelina alikuwa ananong'ona. "Masatu hapumui vizuri. Tumetoka hospitali, mapafu wanasema mazima. Lakini anakohoa masizi."

"Masizi ya nini?"

"Njoo umnuse mwenyewe. Ananuka dizeli."

Uji ukanipalia. Sikwenda Makoko. Nilikimbilia banda la mashine.

Injini ilikuwa baridi kama jiwe la ziwani. Nikashika ncha ya shati, nikavuta. Likagoma. Nikavuta tena. Likatoka.

Lilikuwa la moto.

Limelowa, jeusi kwa moshi mpya. Na nozeli ilikuwa kwangu, ndani ya kopo, chini ya kitanda.

"Pumua, shemeji," nikaliambia bomba. Hapo sikuwa natania.

Simu ikaita. "Amepumua," dada akasema, analia.

Nikalikunjua shati mapajani. Mkono wa kushoto haukuwepo, umekatika begani. Nikapitisha waya kwenye bomba. Nikalifungua lote, nikamulika. Hakuna kitu.

Masatu alipona. Ila mkono wake wa kushoto unaning'inia tu, kama nguo kwenye kamba.

Juzi akaniagiza niiamshe injini, wanarudi nyumbani. Nikarudisha nozeli. Kabla ya kuwasha nikazungusha gurudumu kwa mkono, taratibu. Mara simu.

"Kaka, unafanya nini huko? Mkono wake unazunguka."

Nikaachia.

"Nimeacha," nikanong'ona. Gurudumu lilikuwa limesimama mbele yangu, kimya.

"Hujaacha," dada akasema. "Bado unazunguka."