Nimeshalifuta, Mama

Kompyuta ilikuwa imezimwa, hata waya umechomolewa ukutani, lakini ilinukia udi. Ditram, fundi kompyuta wa Kimamba, akajifanya hasikii harufu. Mbishi huyo!

Na chanzo ni yeye. Siku mkewe Raheli alipopandisha jini, mganga Bi Sesilia alimbana jini huyo mpaka akataja jina lake na kukubali kutoka. Kumbe Ditram, na ushamba wake wa kurekodi kila kitu, alikuwa kamrekodi kwenye kompyuta hiyo.

"Mwanangu," Bi Sesilia akamwonya, "jina la jini haliwekwi ndani. Lifute."

"Nimeshalifuta, mama."

Uongo wa mafundi huo! Alichoondoa ni jina la faili tu; sauti yenyewe ilibaki kwenye diski, kama mpangaji aliyefutiwa jina mlangoni naye bado yumo chumbani.

Raheli akaacha kula. Mchana kweupe akawa anazungumza na ukuta.

"Ditram," alinong'ona, "anasema hatoki. Anasema umemtunza vizuri."

Dawa Ditram aliijua: kuandika sifuri juu ya diski nzima, pasisalie kitu. Lakini humo ndimo ilimokuwa sauti ya Irine, binti yao aliyekufa kwa malaria, akiimba. Akainakili kwanza kwenye flashi, akaisikiliza redioni. Katikati ya wimbo wa mtoto, jini akataja jina lake. Akanakili tena. Yule yule, safari hii akicheka.

Basi akabonyeza, na sifuri zikaanza kwenda, na udi ukazidi kunuka, na kutoka kwenye mashine isiyo na spika akasikia mtoto akilia baba, baba, unanifuta, naye akaziba masikio huku analia kwa sauti kama mjinga, mpaka diski ikabaki tupu. Flashi akaiponda kwa nyundo.

Jioni Raheli aliomba uji, akanywa kikombe kizima. Ditram akashukuru Mungu.

Kisha Raheli akafungua kinywa, akaimba. Sauti ilikuwa ya Irine.

Bi Sesilia akapiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vipi, katoka?"

Nyuma ya Ditram wimbo ulikatika ghafla. Mbavu za mkewe zilihesabika chini ya kanga, na Ditram alijua wazi kwamba aliyekuwa akiimba si mwanawe.

"Katoka, mama," akasema, akafunga mlango.

Akarudi kukaa miguuni pa Raheli.

"Imba tena, mwanangu."