Choo au Chuo?

Hakuna aliyejua kukanda unga kama Mama Mikate. Kulipopambazuka tu, tanuri lake lilikuwa limeshawaka na mtaa mzima unanukia mikate. Tatizo lake lilikuwa masikio.

"Mke wangu, chumvi iko wapi?" mumewe, fundi viatu, aliuliza asubuhi moja.

"Chui? Chui yuko wapi?"

Alikuwa na kifaa cha kusikia. Nyumbani kilimfaa, akikumbuka kukivaa. Lakini katika ukumbi wa mikutano kilizoa kila kelele: viti, feni, vikohozi. Kwa hiyo alikuwa na mbinu yake. Wengine wakicheka, anacheka. Wakipiga makofi, anapiga. Wakinyoosha mikono, naye huyo, mkono juu!

Siku hiyo kulikuwa na mkutano, na mwenyekiti wa mtaa alizungumza kwa kirefu. Sauti iligonga kuta ikarudi. Mama Mikate aliambulia maneno machache tu: "...chuo... nyuma ya tanuri..." Moyo ulimruka kwa furaha. Chuo! Watu wakanyoosha mikono kukubali. Yeye akanyoosha yote miwili.

Alirudi nyumbani akiimba.

"Nitahitaji tanuri la pili," alisema. "Wanachuo wanavyokula!"

"Wanachuo gani?"

"Si wanajenga chuo nyuma yetu?"

Fundi viatu aliweka nyundo chini. "Mke wangu, ni choo. Choo cha ukumbi. Nilipokuona ukumbini unashangilia nikanyamaza. Nikasema, labda ana mpango wake."

Mama Mikate aliketi. Nani atanunua mkate uliookwa ubavuni mwa choo? Aliona aibu, kisha akaogopa.

"Maskini mimi! Nimejichimbia kaburi kwa mkono wangu mwenyewe."

"Kwa mikono miwili," mumewe akamkumbusha.

Alikwenda kwa mwenyekiti, akamweleza yote bila kuficha.

"Mama, mbona hukusema kwamba husikii?"

"Ningesemaje, mwanangu? Nilidhani nimesikia!"

Mwenyekiti alicheka, kisha akaacha. "Pole, mama. Si wewe peke yako, wengi wanalalamika. Suala la choo tutalirudia mkutano ujao. Nami nitanunua spika kubwa, ukumbi mzima utatetemeka."

"Subiri kwanza," alisema Mama Mikate. "Nina mkamwana anayepima masikio ya watu kliniki. Tumuulize yeye."

Mkamwana alikuja ukumbini. Kabla ya kusema lolote, alipiga kofi moja. Kofi likajibiwa na kuta zote.

"Mnasikia mwangwi huo? Spika kubwa zitauongeza. Sauti kubwa si lazima iwe sauti safi. Mama anahitaji sauti ya msemaji imfikie sikioni moja kwa moja, kutoka kwenye maiki."

"Inawezekana?" aliuliza mwenyekiti.

"Tena kwa njia tatu. Ya kwanza ni redio. Maiki inarusha sauti, msikilizaji anaipata kwa kipokezi kidogo na hedifoni. Ni rahisi kufunga. Lakini mtu aliye nje mwenye kipokezi kama hicho anaweza kusikia."

"Hapana! Hapa tunasuluhisha mambo ya ndoa za watu."

"Ya pili hutumia mwanga usioonekana kwa macho. Huo haupiti ukutani, kwa hiyo siri inabaki ndani. Ila jua kali huuvuruga."

Wote waliangalia madirisha makubwa. Jua lilikuwa limejaa hadi kwenye viti.

"Ya tatu ni waya unaozungushwa sakafuni kufuata kuta, ukageuza sauti ya maiki kuwa nguvu ya sumaku. Mwenye kifaa kama cha mama anabonyeza swichi tu, sauti inaingia. Asiye na kifaa anapewa kipokezi na hedifoni. Sauti huvuja nje kidogo tu, karibu na ukuta. Lakini chuma kingi kwenye jengo hudhoofisha nguvu yake. Kwa hiyo msinunue kabla ya kujaribu. Na ajaribu msikilizaji mwenyewe, si muuzaji."

Muuzaji alileta waya wa majaribio. Mama Mikate akakaa kiti cha nyuma kabisa, akabonyeza swichi. Mkamwana alizungumza kwenye maiki huku ameziba mdomo kwa karatasi, mama asije akamsoma midomo.

"Choo."

"Choo!" akajibu Mama Mikate.

"Chuo."

"Chuo! Mkamwana, ungekuja mapema, wewe!"

Alijaribu pembeni, akajaribu katikati. Kote alisikia vizuri. Waya ukanunuliwa pamoja na vipokezi vichache, na mlangoni ikabandikwa picha ya sikio ili watu wajue msaada upo.

Mkutano ulipofika, mwenyekiti aliweka maiki mezani. "Mimi sauti yangu inatosha," alisema.

"Haitoshi!" Mama Mikate alisimama. "Shika maiki, baba. Na kila anayeuliza swali apewe maiki, la sivyo mnatuacha nje."

Mwenyekiti akaishika. Kisha Mama Mikate naye akaiomba.

"Choo tunakihitaji," alisema. "Lakini kijengwe upande wa pili wa ukumbi, karibu na tangi la maji. Huko hakuna tanuri wala chakula."

Watu walinong'ona, wakaitikia kwa vichwa.

"Wanaotaka choo upande wa tangi la maji?" aliuliza mwenyekiti.

Mkono wa Mama Mikate ulipanda wa kwanza. Safari hii aliinua mmoja tu, wala hakumwangalia jirani kwanza.