Homa ya Kila Ijumaa

Jamani, sogeeni niwasimulie. Asubuhi ile darasa la tano lilikuwa limetulia kama maji ya mtungini. Ubao umefutwa, madirisha yako wazi, na binti wa fundi cherehani amekaa dawati la mbele akimtazama Mwalimu mdomoni. Masikio yake yalikuwa mazito tangu alipougua utotoni, kwa hiyo alisikia kwa macho. Wenzake walimwita Kimya.

Siku hiyo Mwalimu alipokea boksi la vitabu vya mwongozo, vya kuwafundisha watoto wote pamoja, anayesikia na asiyesikia. Hakuwa mtu mbaya. Alisoma ukurasa wa kwanza: wanafunzi wakae makundi, wasaidiane, kundi lipewe alama.

"Kumbe rahisi," akasema. Akalifungia boksi kabatini lisichafuke, akapanga madawati. Kimya akaangukia kundi la nne, mgongo kwa ubao. Akigeuka kumtazama Mwalimu, anaambiwa atulie.

Majaribio yalikuwa kila Ijumaa. Wiki ya tatu, kiongozi wa kundi alimshika bega, akamgeuza.

"Kimya, unatushusha. Ijumaa uumwe."

"Niumwe nini?"

"Chochote. Ila uumwe vizuri, usije ukapona kabla ya saa nane!"

Wakacheka. Kimya naye akacheka, kwa kuwa aliona meno yao.

Ijumaa akaumwa. Iliyofuata akaumwa tena. Mama yake alimgusa shingo, haina joto.

"Homa gani hii, mwanangu, yenye kalenda?"

Bila kungoja jibu, Mama akatazama rundo la mashati yasiyo na vifungo.

"Haya, basi umwa huku unashona vifungo."

Msomaji wangu, hapa ndipo pa kulia, lakini hakuna aliyelia. Alama za kundi la nne zilipanda, Mwalimu akalisifu kwa ushirikiano. Mashati yakaisha mapema. Ijumaa ikavuta Alhamisi, Alhamisi ikavuta Jumatano, mwisho daftari likawekwa chini ya mguu wa cherehani isitikisike. Kimya hakuhisi uchungu. Sindano ikimchoma, alikitazama kidole kama cha mtu mwingine.

Miaka miwili ikapita. Siku moja Mwalimu akaja kwa mama yake Kimya kupunguziwa sketi aliyovaa. Kimya akapiga magoti na chaki ya fundi, Mwalimu akainama kumwelekeza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ipande vidole viwili, ila nyuma iache kidogo. Na zipu inakwama, itazame."

"Vidole viwili, nyuma iachwe, zipu itazamwe. Jumamosi."

Mwalimu akaduwaa. "Kumbe unasikia!"

"Ukinitazama."

Cherehani ikanyamaza. Mama akaja mbele ya binti yake. "Na zile Ijumaa, ulikuwa unaumwa nini?"

"Kundi liliniambia niumwe," alisema, kama anayetaja kipimo cha kiuno.

Mwalimu alirudi shuleni akafungua boksi. Ukurasa wa pili ulisema: asiyesikia vizuri akae anapoona uso wako, kila mmoja awe na kazi yake kundini, na apimwe peke yake pia. Akakimbilia kwa mwalimu mkuu. Usajili wa mtihani wa darasa la saba, ambao wenzake Kimya wangeufanya, ulikuwa umefungwa tangu juzi.

Jumamosi akaja na macho mekundu. "Rudi, mwanangu. Nitakuweka mbele, hata kama ni kuanza upya darasa la tano."

Kimya alielewa kila neno. Akaikung'uta sketi nyuzi, akamkabidhi.

"Ijaribu kwanza, Mwalimu," akasema, akageukia cherehani.

FUNZO

Walimu wetu, kitabu kilichofungiwa kabatini hakijamfundisha mtu. Kisomeni mpaka mwisho, na mnapofundisha, mgeuzieni mtoto uso. Kundi linalopanda kwa kumwacha mmoja halijashirikiana, limetupa mtu tu. Nasi wazazi, mtoto akiumwa siku ileile kila wiki, tumuulize kabla ya kumpa vifungo. Alipokuja kuulizwa, Kimya alijibu mara moja.