Kola ya Tulia

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa na mbwa anayeitwa Tulia. Jina lenyewe kichekesho! Ukimwita Tulia, anaruka juu na kukulamba mpaka sikioni.

Asubuhi moja waya wa uzio ulimchana shavuni, karibu na jicho. Jeraha halikuwa la kina. Mama fundi akakimbilia spiriti, maana kwao dawa isiyowasha si dawa. Akamkamata shingo. "Tulia! Tulia!" akasema. Maskini mbwa, akadhani anaitwa. Akaruka, spiriti ikamwagikia kidonda, akakimbilia chini ya meza ya kukatia nguo. Tangu hapo, mama fundi akisogea, mbwa anamtolea meno.

Ilimuuma mama fundi moyoni. Mumewe akaongeza chumvi kwenye kidonda: mbwa anayemtolea meno mwenye nyumba hafai, akiendelea hivyo atampeleka kwingine.

Mama fundi akamwendea jirani yao, daktari wa mifugo. Daktari alilicheka jina kwanza, kisha akakunja uso.

"Spiriti inaunguza nyama, shoga yangu. Na dawa za watu usimpake. Chemsha maji, tia chumvi kidogo, yaache mpaka yawe vuguvugu. Nawa mikono. Futa polepole kwa kitambaa safi, ukitoka upande wa jicho kwenda nje. Kidonda kikivimba, kikitoa usaha, au jicho likiwa jekundu, mlete siku hiyohiyo."

Akamwonya pia asimkamate kwa nguvu, wala asimwambie atulie. Akae chini, anyamaze, amngoje. Na ili makucha yasifike kwenye kidonda, mbwa avishwe kitu kipana na kigumu shingoni.

"Yaani kola?" mama fundi akauliza. Kola! Si ndiyo kazi yake ya kila siku?

Akashona moja pana ya kitambaa kigumu, akaweka pamba laini sehemu ya shingo. Akaketi sakafuni, bakuli la maji ya chumvi kando, kimya kabisa. Mbwa akamtazama. Akanusa. Akajivuta polepole, akalaza kidevu mapajani mwake. Alifutwa, akavishwa kola, wala hakufurukuta.

Wakafanya hivyo asubuhi na jioni. Jeraha likakauka, ngozi ikafunga, jicho likabaki safi.

Na yule mume? Kabla kidonda hakijafunga, alikutwa uani anapasha maji ya chumvi mwenyewe. Mkewe akamuuliza kama bado anampeleka mbwa kwingine.

"Nani, mimi?" mume akasema. "Mbwa wetu huyu haendi popote."