Mkono wa Pili

"Wa kwanza kakauka. Wa pili lini?"

Niliusoma ujumbe huo kwa sauti, simu ya mume wangu mkononi, yeye mdomo umejaa dawa ya meno.

"Nani kakauka? Mimi?"

Akatema haraka. "Fundi rangi huyo! Kapiga mkono wa kwanza, umekauka, anataka kupiga wa pili. Wivu utakuua, mke wangu."

"Rangi ya wapi? Hapa kuta ni nyeupe tangu tuhamie."

"Ya ofisini."

"Unauza dawa za mifugo kwenye kibanda cha bati. Hizo kuta mmejenga lini?"

Akaurudisha mswaki mdomoni. Mwanaume huyu ana jibu la kila kitu, akikimbilia mswaki ujue kuna jambo. Nikampigia fundi, nikaweka sauti kubwa.

"Halo bosi!"

"Ni mkewe."

"Aa, shemeji! Kahawia yako imetoka, acha kabisa. Nzito, ya joto, kama ulivyoagiza. Ila ukuta wa kitandani unataka mkono mwingine, bado weupe unachungulia."

"Mimi nimeagiza lini?"

"Si juzi, shemeji? Bosi akakubeba kuvuka ndoo usichafue viatu, tukacheka wee..."

"Fundi, kata simu!" mume wangu akafoka.

Kisha fundi akasema, "Mtandao unasumbua," akakata.

"Ni nani huyo anayebebwa?"

"Punguza sauti, majirani."

"Majirani waje na viti! Ni nani?"

"Mteja wangu. Anafuga kuku." Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Ni mwaka sasa. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

Mwaka mzima! Na mimi nampigia shati pasi kila asubuhi aende akapendeze kwa mfuga kuku.

"Miaka saba nimekuomba ukuta mmoja wa kahawia," nikamwambia. "Mmoja tu. Ukasema rangi nzito inafanya chumba kiwe kaburi."

"Nilikosea. Ikikauka inapendeza."

"Nani kamchagulia rangi yangu?"

Akaangalia vidole vyake vya miguu. Nikaelewa kabla hajajibu. Nilikimbilia kabatini, nikafungua daftari langu la mishono. Ile picha ya chumba chenye ukuta wa kahawia niliyoikata gazetini mwaka tuliooana haikuwepo.

"Umempelekea picha yangu?"

"Fundi alihitaji mfano."

Hapo nikalia. Sitajifanya jasiri: nililia kwa kwikwi, maana nilikuwa nampenda, na hata dakika ile, angepiga magoti na kuomba msamaha, huenda ningempa. Ndivyo mapenzi yalivyo, hayana aibu.

Yeye akasogea, akanishika bega kwa upole kabisa.

"Usilie, mke wangu. Ndoo moja imebaki nusu. Jumamosi nakuletea, nitakupakia na wewe."

Machozi yakakatika palepale.

"Imebaki?"

"Eeh. Inatosha ukuta mmoja."

Nikajifuta uso kwa kanga. Nikachukua viatu vyake vyote, jozi nne, nikavipanga nje ya mlango, majirani wakiangalia.

"Unafanya nini?"

"Nakusaidia kuhama."

"Kwa sababu ya rangi tu?"

"Nenda kaishi kwenye ndoto yangu, baba," nikamwambia. "Mimi nitaota nyingine."

Nikafunga mlango, nikageuza ufunguo mara mbili.