Msumari wa Kiragu

Wazazi wenzangu, sogeeni niwaambie ya Kiragu, mkulima wa mahindi wa pale Kitale. Nyumba yake ilikuwa na amani. Jioni mkewe Nyambu alipika, bintiye Gathoni akaimba huku akikamua ng'ombe, naye mzee akatazama ukuta wa sebule. Hapo aligongomea msumari wa kuning'inizia picha ya Gathoni akiwa na joho la chuo kikuu. Na msichana hata mtihani wa kidato cha nne hakuwa amefanya!

Matokeo ya mwaka 2004 yakatoka: C. Chuo kikuu hakikumwita.

"Baba, wacha niende chuo cha kilimo cha Mabanga nikasomee mifugo," Gathoni aliomba.

"Ati ng'ombe? Ng'ombe si hawa hapa? Utarudia!"

Akarudia. C tena. Akarudia mara ya pili, sasa darasa moja na Gathii, mdogo wake. Wenzake wakamwita Shosho, kana kwamba ni bibi kizee. Nyimbo zikaisha zizini, na chakula akawa anadonoa tu.

"Baba, mimi si mjinga. Nimechoka," alisema siku moja.

Kiragu akajifanya hakusikia. Sikio la kufa, ndugu zangu!

Asubuhi ya mtihani wa tatu, sare ilikuwa imekunjwa kitandani. Gathoni hayupo, na gambuti zake, vile viatu vya mpira vya zizini, pia hazipo.

Kwa miezi minane, ng'ombe akilia tu, Kiragu alitoka mbio akidhani bintiye amerudi. Alitamani kumwona mtoto huyo, jamani, hata kusikia kikohozi chake tu. Aliposikia yuko upande wa Bungoma, alifunga safari. Alimkuta Mabanga akizalisha ng'ombe, damu hadi viwikoni, anaimba. Alikuwa akikamulia watu ng'ombe ili ajilipie masomo.

"Mami, binti yangu, turudi," Kiragu alisema, machozi yakimlengalenga. "Nyumba haina mtu bila wewe."

Gathoni alinawa, akamwamkia kwa heshima. "Nitakuja, baba, nikimaliza kozi. Lakini ule msumari ung'oe kwanza. Nilikuwa nakula nikiuangalia."

Aliung'oa jioni hiyohiyo. Shimo likabaki ukutani, naye hukaa akilitazama, akingoja kozi iishe.

FUNZO

Mzazi, usimvishe mwanao ndoto yako. Chuo kikuu ni njia, lakini si njia pekee. Muulize mikono yake inapenda kazi gani, kabla hujaanza kuuliza majirani kama wamemwona.